Mlango wa Kubisha: Wizara ya Michezo Tangu Uhuru, Ikitazamwa Kutoka Lamu

Hotuba hii ilitolewa mjini Lamu baada ya sala ya Alasiri, mbele ya viongozi wa vilabu, makocha, waamuzi na manahodha wa mashua za mashindano. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa baharini siku hiyo na wale wa Faza na Kizingitini waliokosa boti. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Assalaamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu mlioketi mbele, kina mama wa netiboli, makocha, waamuzi, manahodha, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kana kwamba mna safari: ingieni, viti vipo.

Tuanze na swali. Nani hapa anaweza kuitaja wizara ya michezo kwa jina lake kamili la leo? Nani? Msione haya, hata wanaosoma gazeti kila siku hujikwaa. Ni Wizara ya Masuala ya Vijana, Uchumi wa Ubunifu na Michezo. Kabla ya hapo ilikuwa ya Vijana, Michezo na Sanaa. Kabla yake ya Michezo, Utamaduni na Turathi. Nyuma zaidi, mwaka 2013, Michezo, Utamaduni na Sanaa. Mwaka 2008, Vijana na Michezo. Mwaka 2003, Jinsia, Michezo, Utamaduni na Huduma za Jamii, na waziri wake wa kwanza alikuwa mtu wa pwani hii, Najib Balala wa Mombasa. Na aliyehamishiwa kiti hicho Desemba 2024 ni Salim Mvurya, aliyekuwa gavana wa Kwale. Kati ya hao wawili wamepita wengi, tusiwahesabu, jua litatuchwea.

Wazee wa bahari husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Michezo imekwenda tezi, imekwenda omo. Tukitazama ngamani, pale maji yanapokusanyika, ndipo tutaona kwa nini kijana wa Lamu anazunguka na barua mkononi, ofisi hadi ofisi, akiambiwa "siyo hapa." Jambo la leo ni hilo tu: mlango upi ni wa kubisha, na kwa nini milango imekaa ilivyokaa.

Turudi nyuma. Wakati wa ukoloni michezo ilikuwa kazi ya ofisa mmoja wa serikali na vyama vyenyewe. Chama cha riadha kiliundwa mwaka 1951, kamati ya Olimpiki mwaka 1955, na mwaka 1956 Kenya ikaenda Melbourne kwa mara ya kwanza. Kwenye mpira, Kenya na Uganda zilikuwa zikigombea Kombe la Gossage tangu mwaka 1926, kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni. Yaani sabuni ilitangulia wizara.

Uhuru ukaja Desemba 1963. Oktoba 1964, kabla hata mwaka haujatimia, Wilson Kiprugut alisimama kwenye mstari wa mita 800 kule Tokyo. Alimaliza wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.9, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya. Je, wizara ya michezo ilimfanyia nini? Wizara gani? Haikuwepo. Kiprugut alikuwa mwanajeshi. Miaka minne baadaye kule Mexico, Naftali Temu aliyeshinda mita 10,000 alikuwa mwanajeshi, na Kipchoge Keino aliyeshinda mita 1,500 alikuwa polisi. Mshahara, chakula, viatu, ruhusa ya mazoezi: vyote vilitoka kwenye sare. Mpaka leo ukimwuliza mkimbiaji mkubwa anafanya kazi wapi, mara nyingi atakutajia polisi, jeshi au magereza. Kinachowalea wanariadha wetu ni kambi za sare zaidi ya wizara, na hilo wenye riadha wanalijua vizuri hata kama wanasiasa hupenda kulisahau siku ya kupiga picha na medali.

Sasa michezo ilikaa wapi serikalini? Ilikaa ndani ya huduma za jamii, na huduma za jamii nazo zilipangishwa nyumba za watu. Mara zilikuwa na Kazi, mara na Ushirika, mara na Nyumba, na kwenye miaka ya 1980 na Utamaduni. Katika miaka hiyo ya 1960 Wizara ya Ushirika na Huduma za Jamii ilishikwa na Ronald Ngala, mtu wa Kilifi, jirani yetu. Mwaka 1966 liliundwa Baraza la Kitaifa la Michezo kuviweka vyama pamoja.

Kuwa mpangaji kuna maana gani? Ofisa wa huduma za jamii wilayani alikuwa na ukumbi, alikuwa na vikundi vya kina mama, alikuwa na madarasa ya ngumbaru, kisha alikuwa na mpira. Fungu lilikuwa moja. Likipunguzwa, kinachokatwa kwanza ni kile ambacho hakuna mtu atakayelala njaa kwa kukikosa. Na mpangaji hapigi nyumba chokaa. Kila wizara ilijua kwamba michezo itahama kesho, kwa nini ihangaike kuijengea msingi? Ndiyo maana mwaka 1965, Feisal ya Mombasa ilipoutwaa ubingwa wa ligi ya Kenya, nguvu ilitoka mitaani, kwa wafanyabiashara na wapenzi wa timu. Serikali ilikuwa mtazamaji mwenye kiti kizuri.

Kisha likaja zege.

Uwanja wa Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983. Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa Uchina na ukahesabiwa kuwa wa watu 60,000, ulikamilika kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya Agosti 1987. Fainali ya mpira ilikuwa Kenya na Misri, pale pale Kasarani. Misri ikashinda 1-0. Wazee mnaikumbuka siku ile, naona vichwa vinatikisika. Mwaka huo huo Gor Mahia ikaifuata Espérance ya Tunis, ikatoka sare 2-2 ugenini, sare 1-1 nyumbani, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa bao la ugenini. Mwaka 1987 Kenya ilikuwa na uwanja, ilikuwa na timu, na ilikuwa na mashabiki.

Basi kwa nini mwaka 1996 Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo Kenya ilikuwa imepewa, likachezwa Afrika Kusini? Kwa nini Septemba 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikatunyang'anya CHAN ya mwaka 2018, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nyumbani, ikaishia Morocco? Kwa sababu moja mara zote mbili: maandalizi, na hasa viwanja. Na CHAN iliyokuja kuchezwa kwetu, Tanzania na Uganda Agosti 2025 ilitakiwa kuchezwa Februari; ikasogezwa mbele miezi sita. Kujenga kuna sherehe, kuna utepe wa kukata. Kutunza hakuna utepe. Mwaka 2027 tunangojewa tena, AFCON, yaani hilo Kombe la Mataifa ya Afrika, la nchi hizo tatu, na uwanja mpya wa Talanta wa watu 60,000 unainuliwa Nairobi kwa ajili hiyo. Swali la kuuliza ni nani atalipia maji na majani mwaka 2032.

Tulishushe jambo hili mpaka kwetu, maana hapa ndipo vilabu vingi vinadanganyika. Kila kampeni mtu atasimama aseme, "Nitawajengea uwanja wa nyasi." Mnapiga makofi. Haya, tupige hesabu badala ya makofi.

Uwanja wa mita 105 kwa 68 una eneo la mita za mraba 7,140. Milimita moja ya maji juu yake ni lita 7,140. Nyasi kwenye jua la kaskazi zinataka kama milimita 5 kwa siku. Hiyo ni lita 35,700 kila siku. Punda mmoja hubeba madumu 4 ya lita 20, lita 80. Gawanyeni. Safari 446 za punda, kila siku ya Mungu!

Mnacheka, lakini maji yenyewe yanatoka wapi? Maji matamu ya mji huu yanatoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela. Ukivuta kupita kiasi, maji ya chumvi yanapanda kutoka chini, na kisima kikishaingiwa na chumvi hakirudi upesi. Utakuwa umeunywesha uwanja maji ya kunywa ya watoto. Kwa hiyo ukiletewa mradi wa nyasi, uliza mambo mawili. La kwanza, nyasi gani? Iko aina inayoitwa paspalum ya pwani, inayostahimili maji ya chumvichumvi ambayo nyasi nyingine zingekauka. La pili, maji ya mvua yatatoka vipi? Uwanja unatakiwa uinuke katikati na kushuka pembeni kwa mwinamo wa kama asilimia 1, yaani kutoka mstari unaounganisha katikati ya magoli mawili ukienda mita 34 mpaka ukingo wa pembeni, ushuke kama sentimita 34. Ukiwa tambarare kabisa, mvua ya masika italala golini wiki nzima. Ukiinuka kupita kiasi, mchezaji wa ukingo mmoja haoni miguu ya wa ukingo wa pili.

Kama hayo hayana majibu, uwanja wa mchanga uliosawazishwa vizuri, usio na mawe, wenye magoli ya kipimo, ni bora mara kumi kuliko nyasi za miezi mitatu. Lango ni mita 7.32 kwa 2.44. Kona iwe na pembe ya kweli: chukueni kamba, pimeni mita 9 upande mmoja na mita 12 upande wa pili, kisha mpime kutoka ncha hadi ncha, ikija mita 15 kamili, kona imenyooka. Isipofika, songezeni. Viwanja vingi vimepinda kama tanga la mashua kwa sababu mtu alikadiria kwa macho.

Na neno moja kuhusu chokaa, kwa sababu hapa kwetu ni rahisi kupatikana. Chokaa ya tanuu isitumike kuchorea mistari. Hata ile iliyozimwa ikikutana na jasho huchoma ngozi, na ikiingia jichoni ni balaa. Golikipa anayejitupa ndiye wa kwanza kuumia. Tumieni unga wa chaki au rangi ya maji.

Naam. Tuje kwenye kidonda.

Wizara ya michezo imegombana na shirikisho la mpira mara nyingi, na mara tatu ugomvi huo umeifungia nchi nzima mlango. Mwaka 2004 FIFA ilitufungia. Oktoba 2006 ikatufungia tena mpaka mwaka uliofuata. Na Februari 2022 ikatufungia mara ya tatu. Mara tatu! Sababu ile ile: serikali kuingilia.

Isemwe hii ya mwisho kwa urefu, maana tarehe zake zinafundisha. Tarehe 11 Novemba 2021 Waziri Amina Mohamed aliuvunja uongozi wa shirikisho kwa madai ya matumizi mabaya ya fedha, akaweka kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Alikuwa na sheria mkononi: kifungu cha 54 cha Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 kinampa waziri nafasi ya kuteua watu wa kusimamia shirikisho. Lakini FIFA nayo ina katiba yake, na katiba hiyo inasema kila shirikisho mwanachama lijiendeshe bila mtu wa tatu kuingilia. Sheria ya nchi inasema ndiyo, katiba ya FIFA inasema hapana. Wakigongana, nani anaumia? Waziri? La. Rais wa shirikisho? Wala.

Timu ya wanawake, Harambee Starlets, ilijiondoa kwenye mechi na Uganda za kufuzu kombe la Afrika, Uganda wakapita bila jasho. Harambee Stars ikaondolewa kwenye mechi za kufuzu AFCON ya 2023. Kundi likabaki na Cameroon, Burundi na Namibia, timu tatu badala ya nne. Vilabu vyetu havikucheza mashindano ya CAF msimu wa 2022/23. Mchezaji wa miaka 27 hupewa wakati mmoja tu wa kuwa na miaka 27. Kifungo kikaondolewa mwishoni mwa Novemba 2022, baada ya waziri mpya, Ababu Namwamba, kuurudisha ule ule uongozi uliovunjwa. Mwaka mzima kuzunguka na kurudi palepale.

Je, tunasema serikali inyamaze pesa za umma zikiliwa? Hasha. Serikali ina njia nne ambazo FIFA haiwezi kuzilaumu: isimamishe ruzuku yake, itume wakaguzi kwenye pesa zake, imshtaki mtu kwa jina lake mahakamani, na iwaachie wanachama wa shirikisho wamwondoe kwa kura. Kinachokatazwa ni kukalia kiti chenyewe. Mwizi akiingia madrasa, mnamkamata mwizi. Hamvunji madrasa.

Na msidhani wizara imekuwa upande wa hakimu siku zote. Baada ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, ambako Kenya ilipata medali 13, 6 zikiwa za dhahabu, sare za wanariadha zilikutwa zimefichwa, na fedha za safari zikafika mahakamani. Aliyekuwa waziri wakati ule alitiwa hatiani mwaka 2021, akatozwa faini ya shilingi milioni 3.6. Wakimbiaji walileta dhahabu, wakubwa wakaleta faili la kesi.

Mwaka huo huo wa 2016 kulikuwa na jambo jingine. Sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli ilitiwa saini Aprili kwa haraka. Mei, shirika la dunia la WADA likasema Kenya bado haijatimiza masharti, kwa sababu maneno ya sheria yetu hayakulingana na kanuni za dunia. Bunge likarudi kuifanyia marekebisho, na Agosti, Rio ikiwa imefika mlangoni, tukasafishwa. Kanuni ya dunia haibadiliki kwa sababu sisi tuna haraka.

Hapa nina neno kwa vijana wa mlangoni. Mnadhani dawa hizi ni habari ya wakimbiaji wa Eldoret na Iten? Sikilizeni. Miraa na muguka vina kathinoni, na kathinoni imo kwenye orodha ya WADA ya vichangamshi vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Na wakati wa mashindano, kwa kanuni zao, huanza saa 5 na dakika 59 usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Sasa mtu aliyekaa barazani anatafuna mpaka saa nane za usiku, kesho yake asubuhi anacheza, akichukuliwa mkojo atasema nini? Kwamba ni mila? Kanuni ni kali: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukukusudia. Vivyo hivyo kwa sindano ya uvimbe ya duka la dawa. Kabla hujadungwa, mwambie daktari unacheza, na kama dawa ni ya lazima, omba kibali cha matibabu mapema kwa wakala wa kitaifa, ADAK.

Sasa milango. Hapa toeni kalamu.

Katiba ya 2010 iliigawa kazi ya michezo mara mbili. Nyongeza ya Nne inaipa serikali ya kitaifa ukuzaji wa michezo na elimu ya michezo. Kaunti inapewa shughuli za michezo na utamaduni pamoja na majengo na viwanja vyake. Mmesikia? Viwanja vya hapa ni vya kaunti. Ukimwandikia waziri Nairobi kuhusu mlango wa uwanja wa Lamu, umebisha nyumba ya jirani. Sports Kenya iliyoundwa na sheria ya 2013 inasimamia viwanja vya taifa kama Kasarani na Nyayo. Ule mfuko wa michezo unaotokana na kodi ya kamari nao hulenga zaidi timu za taifa na miradi ya taifa. Mlango wenu wa kiwanja, nyavu na mipira uko hapa hapa kisiwani.

Lakini mlango wa kaunti una saa zake, na saa hizo zimeandikwa kwenye sheria ya fedha za umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Vilabu vingi huenda kuomba Julai, ligi inapokaribia. Wamechelewa miezi kumi! Anayetaka uzio Julai ya mwakani aseme Agosti hii, kwenye kikao cha wananchi, na aseme kwa maandishi.

Na andiko lenyewe liwe na kitu ndani. Barua inayosema "tunaomba kusaidiwa uwanja" haina mahali pa kuingizwa kwenye bajeti. Andikeni hivi: uwanja wa mita 105 kwa 68, ukiacha nafasi ya mita 3 kila upande unakuwa 111 kwa 74, uzio wake ni mita 370. Nguzo kila mita 3 ni nguzo 124. Bei ya nguzo, bei ya waya, bei ya fundi. Timu ngapi zinatumia, siku ngapi kwa wiki, wasichana wangapi. Mkitumia boriti za mikoko, mwandike pia kwamba kibali cha Huduma ya Misitu kitaombwa. Na la kwanza kabisa: ardhi ni ya nani? Kuna ramani ya upimaji? Bikoni za mipaka ziko wapi? Kaunti haiwezi kutia pesa za umma kwenye kiwanja kisicho na karatasi, na kiwanja kisicho na karatasi siku moja mtakikuta kimezungushiwa ukuta wa mtu.

Mlango wa pili ni wa Nairobi, kwa Msajili wa Michezo. Sheria ya 2013 inatambua madaraja matatu: klabu, chama cha kaunti, na shirikisho la kitaifa. Klabu isiyosajiliwa ni kikundi cha marafiki, na marafiki hawapewi ruzuku wala kura. Kinachoangusha maombi mara nyingi ni katiba ya klabu iliyonakiliwa kutoka kwa chama cha mazishi, jina likabadilishwa juu tu. Katiba yenu iseme nani ni mwanachama, uchaguzi unafanywa lini na nani anausimamia, kiongozi anakaa vipindi vingapi, hesabu zinakaguliwa vipi, theluthi ya jinsia inatimizwaje, na mgogoro unapelekwa wapi. Muhtasari wa mkutano uliowachagua viongozi uwe na tarehe, idadi ya waliohudhuria na saini zao. Na mhifadhi nakala mbili nyumba mbili tofauti, maana mchwa wa Lamu hawajui mhuri wa serikali.

Kwa nini niwachoshe na karatasi? Kwa sababu ya Baraza la Kusuluhisha Migogoro ya Michezo, ambalo nalo limeundwa na sheria hiyo. Desemba 2019 baraza hilo lilifuta uchaguzi wa kaunti wa shirikisho la mpira, likiona wadau hawakushirikishwa ipasavyo kwenye kanuni za uchaguzi. Machi 2020 likafuta tena uchaguzi uliorudiwa. Shirikisho kubwa, lenye mawakili na pesa, liliangushwa mara mbili kwa sababu ya utaratibu. Klabu ndogo ya Matondoni yenye karatasi safi inaweza kusimama mbele ya baraza hilo hilo na kusikilizwa.

Kabla hatujafunga, manahodha wananitazama kwa hasira, wanauliza mashua na punda wa mashindano wako wapi katika habari hii yote. Mna haki. Wakati michezo na utamaduni zilikuwa wizara moja, kuanzia 2013 hadi 2022, mashindano ya mashua yalikuwa na mlango mmoja huko juu. Sasa utamaduni na turathi vimetoka. Oktoba 2023 vilikuwa chini ya Aisha Jumwa, mbunge wa zamani wa Malindi, katika wizara ya jinsia, wakati michezo iko kwingine. Nahodha anayejua kubisha kwa tanga akenda joshi anajua kwamba ukitaka kufika panapotoka upepo, huendi moja kwa moja. Unakwenda upande huu, unageuza, unakwenda upande ule. Fanyeni hivyo. Usalama wa mabaharia, majaketi ya kuokolea, boti ya kusindikiza na waamuzi: ombeni kama michezo. Ufundi wa tanga, foromali, ule mti unaobeba tanga, na kuchonga chombo: ombeni kama utamaduni. Barua mbili, ofisi mbili za kaunti, na tarehe zile zile za bajeti.

Fomu ziko mezani kwa katibu, pamoja na mfano wa katiba ya klabu wa kurasa 6. Kila klabu ichukue nakala moja tu, zisiishe kabla ya watu wa Pate kufika. Kamba ya kupimia kona iko hapa nje, na mwalimu wa waamuzi atawaonesha zile mita 9, 12 na 15 uwanjani mpaka adhana ya Maghribi. Maswali tutayachukua baada ya sala.